Kibanja na Omusiri

Baba yangu mdogo aliacha ualimu bila kuandika hata mstari mmoja. Asubuhi moja, katikati ya mwaka 1994, alipanda baiskeli kama aendaye shule, lakini alipofika njia panda hakukata kona. Alinyoosha hadi kambini. Daftari la mahudhurio likabaki tupu mbele ya jina lake siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Nafasi ile tupu ndiyo iliyokuja kumla miaka miwili na nusu baadaye.

Ameniruhusu kuisimulia habari hii kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimfanye mjinga. "Tulikuwa wengi," alisema. "Andika hilo kwanza."

Basi naliandika kwanza. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wanaokaribia robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Kwa wiki chache tu kambi ya Benaco ikawa na watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa wetu wa Kagera. Hao ndio walioonyeshwa na televisheni za dunia. Waliovuka Mto Kagera kuja upande wetu wa Karagwe hawakupigwa picha nyingi, lakini nao walikuwa makumi ya maelfu, wakapangwa Kagenyi, Rubwera, Omukariro na Kyabalisa. Humo walikuwamo waliokimbia kuuawa na waliokimbia baada ya kuua. Hiyo ni habari nyingine, na wengine wameiandika vizuri kuliko nitakavyoweza. Kyerwa wakati huo haikuwa wilaya. Ilikatwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kwa hiyo nikisema Karagwe ya miaka ile nasema zote mbili.

Nyuma ya wakimbizi yakaja mashirika. Barabara za vumbi zilizozoea lori moja la kahawa kwa siku zikajaa magari meupe yenye antena ndefu. Mashirika yakahitaji madereva, watunza stoo, makarani, wauguzi, walinzi, wakalimani. Mtu wa kwetu anayesema Kinyambo hahangaiki sana na Kinyarwanda. Ukichanganya na Kiswahili na Kiingereza cha chuo cha ualimu, unakuwa mtu wa thamani mbele ya mgeni aliyeshuka kwenye ndege juzi. Mshahara wa mwezi mmoja kambini ulikuwa mshahara wa miezi kadhaa ya ualimu, na ulilipwa tarehe iliyotajwa. Ualimu wa miaka ile ulilipwa siku ulipolipwa.

Nani asingekwenda? Waliondoka walimu, waliondoka wauguzi wa zahanati, waliondoka hata watu wa ofisi za serikali waliokuwa na meza na muhuri. Shule ya baba mdogo ilibakiwa na walimu wasiotosha madarasa. Watoto wakifika asubuhi wanalima bustani, wanarudi nyumbani.

Baba mdogo alipewa stoo ya mahindi na maharage, na karatasi ya kusaini. Mkataba wa miezi mitatu. Ulipokwisha akasaini mwingine wa miezi mitatu, kisha mwingine. Anakumbuka kiasi cha mshahara kwenye kila karatasi hadi senti. Nilipomuuliza tarehe za mwisho zilizoandikwa humo alicheka. "Tarehe? Nani alisoma tarehe? Tulisoma pale kwenye namba."

Kwetu kuna aina mbili za shamba, na mtoto hujua tofauti yake kabla ya kujua kusoma. Kibanja ni pale ulipozikwa kitovu chako: migomba, mibuni chini ya kivuli chake, maharage katikati, nyumba, makaburi ya wazee upande wa nyuma. Kibanja hulishwa. Samadi ya ng'ombe, majivu, maganda ya ndizi, nyasi zinazobebwa kichwani kutoka mbali; inachukua miaka mingi hadi udongo ule uwe mweusi, na ukishakuwa mweusi unakulisha wewe na mjukuu wako. Nje ya kibanja kuna rweya, mbuga ya nyasi isiyo ya mtu mmoja. Huko ndiko unakofungua omusiri: unafyeka, unachoma, unapanda karanga au njugu mawe au mihogo, unavuna, ardhi inachoka, unahama.

Omusiri si jambo la aibu. Karanga za omusiri ndizo zilizowapa mama zetu hela ya chumvi na ya kanga wakati kahawa ilikuwa mali ya baba. Kwa msimu mmoja omusiri mzuri unaweza kukupa fedha ambayo kibanja hakikupi. Lakini hujawahi kuona, na sitarajii utaona, mtu anayejenga nyumba ya bati kwenye omusiri. Wala hupandi mgomba huko. Wala hukiachi kibanja kiote magugu kwa sababu karanga za mwaka huu zimekubali. Na rweya si yako: akiamua mwenye mamlaka juu yake kwamba mwaka huu hakulimwi, hakulimwi.

Baba mdogo, mtoto wa mkulima, alikuwa anayajua yote haya. Angekucheka kama ungempandia mgomba kwenye rweya. Ila karatasi haikumfanania shamba. Mkataba ulikuja na nembo, na kofia, na gari linalokuchukua asubuhi, na kuitwa "bwana stoo" na watu wenye njaa. Vitu hivyo vilinukia kudumu kuliko shule ya tope yenye dirisha lisilo na kioo. Akaoa mke wa pili. Akaanza nyumba ya vyumba sita karibu na kambi, si kibanjani kwa babu, kwa sababu wateja na wapangaji walikuwa huko. Fundi alikuwa mkimbizi, vibarua walikuwa wakimbizi, na malipo yao yalikuwa ya aibu. Hilo analisema mwenyewe, bila kuulizwa, akiangalia chini.

Palikuwa na dereva wa halmashauri, rafiki yake wa karibu, waliyekuwa wakinywa rubisi pamoja. Naye alitamani kambi kama wengine. Ila yeye, kabla ya kwenda, aliandika barua. Aliomba likizo bila malipo. Ofisi ikamzungusha wiki kadhaa. Mara afisa hayupo, mara faili halionekani. Wenzake walimcheka kwamba anaomba ruhusa ya kuacha umaskini. Nafasi ya kwanza aliyoahidiwa ikachukuliwa na mtu mwingine kwa sababu ya kusubiri huko. Alipopata ruhusa akaenda, akaendesha lori la maji kwa mshahara mdogo kuliko wa baba mdogo, na hela yake akainunulia ng'ombe wawili na shamba la kahawa lililopakana na la baba yake. Yaani alichukua karanga za omusiri akazigeuza samadi. Sidhani kama alikuwa na akili kuliko baba mdogo. Nadhani alikuwa mwoga zaidi, na katika mambo ya kazi woga umepakwa matope bure.

Kisha ikaja Desemba 1996. Wiki ya kwanza ya mwezi ule, serikali yetu pamoja na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa walitoa tamko la pamoja: Wanyarwanda wote walioko Tanzania warudi kwao ifikapo tarehe 31 Desemba. Kambini hofu ikazaa mbio. Maelfu walikimbia kuelekea ndani ya nchi badala ya mpakani, na wanajeshi wakawageuza. Kabla ya mwaka mpya karibu nusu milioni walikuwa wamevuka kurudi, kutoka Ngara na Karagwe. Miji iliyokuwa ikiwaka moto na redio usiku kucha ikabaki visiki, vyoo vilivyoachwa wazi, na vipande vya turubai vikipigwa na upepo.

Mkataba wa baba mdogo ulikuwa unaisha tarehe 31 Desemba. Safari hii aliisoma.

Sitaki msomaji adhani alidhulumiwa. Alilipwa kila alichostahili. Mkataba haukuvunjwa, ulitimia. Hiyo ndiyo sura ya ajira ya muda ambayo huwapiga watu bila kuwaachia hata wa kumlaumu. Januari alivaa shati jeupe akaenda ofisi ya elimu kuomba arudi darasani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimetoka kidogo."

Yule mzee wa ofisi alifungua faili, akalisoma, akalifunga. "Mwalimu, hukutoka. Ulitoroka. Humu umeandikwa mtoro, na mtoro hana barua ya kurudia." Serikali ya miaka ile ilikuwa inapunguza watumishi kwa makumi ya maelfu nchi nzima, kwa masharti ya wakopeshaji wa nje, haikuwa na haja ya kumtafuta aliyeondoka mwenyewe. Dereva wa lori la maji alirudi kwenye gari la halmashauri mwezi uleule. Alistaafu nalo, akalipwa.

Mwaka uliofuata ndio ulioniumiza mimi, kwa sababu nilikuwa mkubwa wa kutosha kuelewa. Baba mdogo alirudi kwenye kibanja alichokiacha. Migomba ilikuwa imedhoofika, mibuni imeshikana matawi. Kulikuwa na deni la bati la ile nyumba ya vyumba sita, ambayo sasa haikuwa na mpangaji hata mmoja. Akaingia butura.

Kwa asiyetoka Kagera: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado ua, au punje za kijani mtini. Mnunuzi anakuja na fedha taslimu wakati ambapo mtoto amefukuzwa ada au mgonjwa yuko Nyakahanga hospitalini. Anakupa bei ambayo ni sehemu ndogo ya bei ya msimu. Msimu ukifika, kahawa inaanikwa uani kwako, unaigeuza wewe, unailinda usiku wewe, halafu gunia linaondoka na mwenyewe. Viongozi wa mkoa, mmoja baada ya mwingine, wamepiga marufuku butura, na butura imewazika wengi wao kisiasa ikiwa hai. Haiishi kwa sababu njaa haisubiri chama cha msingi kifungue mizani.

Nimeieleza butura kwa kirefu kwa sababu nimeiona ikifanywa na watu wasio na mbuni hata mmoja.

Binamu yangu ni mtumishi wa umma, ajira ya kudumu na malipo ya uzeeni, kama isemavyo barua yake. Alimaliza mwaka wake wa majaribio, akathibitishwa kazini, na wiki ileile benki ikampigia simu. Hakuipigia yeye, ilimpigia. Kuna bidhaa moja inayouzwa na mabenki yote ya nchi hii kwa furaha isiyofichika, nayo ni mkopo kwa mtu mwenye hundi ya serikali. Alikopa wa miaka saba. Makato ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu yalikuwa tayari yanachukua asilimia 15. Utaratibu unataka theluthi moja ya mshahara ibaki kwa mtumishi baada ya makato, na theluthi hiyo ikabaki kweli, kwa miezi michache. Halafu akagundua wale wakopeshaji wa mitaani ambao hawaangalii theluthi. Wanataka kadi yako ya benki na namba ya siri. Watu wamewapa jina la kausha damu, na sijui jina lililo sahihi zaidi.

Leo binamu yangu ana ajira ambayo hakuna wa kumfukuza, na mshahara ambao haujawahi kufika mkononi mwake mzima tangu athibitishwe. Anakwenda kazini tarehe 25 kama mkulima anayeanika kahawa ya mtu mwingine. Aliuza maua. Kibanja alikuwa nacho, tena chenye rutuba. Alikiingiza butura mwenyewe.

Na hata kisipoingizwa butura, kibanja nacho hufa. Mwaka 2006 mnyauko wa migomba uliingia Kagera, na familia zilizokula ndizi vizazi na vizazi zikang'oa mashina kwa mikono yao na kuyafukia. Mwaka 2017, mwezi Aprili, Rais Magufuli alikabidhiwa pale Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Miaka 20 ya kudumu ya mtu ikafutwa na karatasi iliyoghushiwa akiwa kijana. Neno "kudumu" lina mipaka yake. Nalitaja hili haraka kwa sababu si ugonjwa wa wengi, lakini kijana asiambiwe kwamba ajira ya serikali ni mwamba.

Sasa nije kwa mpwa wangu, ambaye ndiye aliyenifanya niandike.

Ni muuguzi, ana diploma. Mwaka 2023 jina lake lilitoka kwenye orodha ya ajira za serikali, akapangiwa zahanati moja ya Kyerwa, juu huko njia ya kuelekea Murongo, karibu kabisa na Uganda. Wakati huo alikuwa tayari anafanya kazi kwenye mradi wa Ukimwi uliokuwa ukiendeshwa kwa fedha za Marekani, kwenye kituo cha afya chenye umeme na lami mlangoni. Mshahara wa mradi ulizidi wa zahanati zaidi ya mara mbili. Alinipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umeenda kuripoti?"

"Mjomba, kule hata mtandao unatoka Uganda. Na mradi wametuhuisha mara tatu sasa. Si ni kama kudumu tu?"

Nilimjibu kwamba ni mtu mzima, aamue. Lile jibu nalijutia. Ni jibu la mjomba anayetaka kupendwa. Siku za kuripoti zikapita, nafasi ikapewa mwingine.

Mikataba ya miradi ile ilikuwa ikifuata mwaka wa fedha wa Marekani: inaanza Oktoba, inaisha Septemba. Kila Septemba wafanyakazi walikaa roho juu. Kila Oktoba walisaini. Mtu akisaini mara ya nne huacha kuogopa, kama mwanafunzi aliyevuka mto mara tatu bila kuona mamba. Tarehe 20 Januari 2025 Donald Trump aliapishwa, na siku hiyohiyo akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Mpwa wangu alikuwa zamu. Aliambiwa na simu ya mwenzake kabla ya kuambiwa na mwajiri. Wakaelezwa wakae nyumbani wasubiri. Mwisho wa Februari ikaja barua: mkataba umekatishwa. Machi 10 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za shirika lake la misaada zimefutwa.

Baba mdogo alipozisikia habari hizi redioni alizima redio. "Desemba," alisema tu. Alikuwa amekaa barazani, hakusema tena neno mpaka jioni.

Hapa nataka nisimame kidogo kwenye sheria, kwa sababu mpwa wangu alipoteza mara mbili, na mara ya pili haikuwa kosa la Washington. Mkataba wake ulikuwa wa muda maalumu, na ulikatishwa kabla ya muda. Hilo ni tofauti na la baba mdogo, ambaye mkataba wake ulimalizika wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa, aeleze sababu, akae na wafanyakazi kushauriana. Asipofanya hivyo mfanyakazi ana pa kwenda: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa mkoa wetu unaifuata Bukoba. Kwa mkataba wa muda maalumu uliokatishwa isivyo halali, kinachodaiwa kwa kawaida ni mishahara ya miezi iliyobaki. Yeye alibakiwa na saba.

Lakini shauri la kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30. Mpwa wangu alikuwa anahesabu siku 90. Kwenye kundi lao la WhatsApp kila mtu alikuwa anahesabu zile 90 za Trump: zikiisha mradi utarudi, tusiwaudhi wakubwa kwa kesi, watatusahau kwenye orodha ya kurudishwa. Aprili 20 ikafika. Mradi haukurudi. Siku 30 zilikuwa zimekwisha Machi, kimyakimya. Inawezekana kuiomba Tume iongeze muda ukiwa na sababu nzito, ila "nilikuwa nasubiri mwajiri aniite" si sababu ya kuringia mbele ya mtu yeyote.

Na lile la kuhuishwa mara tatu? Sheria inalitambua hilo. Mwajiri akikujengea matarajio ya haki kwamba atahuisha mkataba, halafu asiuhuishe, kukataa kwake kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kukuachisha kazi. Hata hivyo matarajio lazima uyathibitishe wewe: barua, ahadi, mwenendo. Kusaini mara nne kunakupa hoja, hakukupi kiti. Na mkataba ukiisha kwa muda wake, hata kile kiinua mgongo cha kisheria, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hukidai. Watu wengi wa miradi hulijua hili siku wanayokabidhi kompyuta.

Nilimpeleka kwa babu yake mdogo mwezi wa sita. Anakaa Rubwera, kwenye vyumba viwili vya ile nyumba ya vyumba sita. Vingine vina wapangaji. Na wapangaji wake ni akina nani? Watumishi wa umma. Kyerwa ilipozaliwa kuwa wilaya, makao makuu yalikuja Rubwera, jina lilelile lililokuwa la kambi. Kila asubuhi wanapita mbele ya baraza lake wamevaa vitambulisho shingoni: afisa kilimo, afisa utumishi, walimu waliokuja kufuatilia kupandishwa madaraja. Wanamwamkia, anawaitikia. Mahali palipokuwa pa muda kuliko pote duniani ndipo palipogeuka kuwa ofisi, na yeye aliyepafikia mapema kuliko wote hana dirisha humo. Analisema kama mzaha. Wapangaji wanacheka.

Mpwa wangu alikuwa na karatasi mbili. Jina lake lilikuwa limetoka tena, safari hii kwa kituo kilekile cha njia ya Murongo, au jirani yake. Mungu ana utani. Na hospitali binafsi ya mjini Mwanza ilikuwa imempa mkataba wa miaka miwili wenye mshahara mkubwa na nyumba. Wakati huo alikuwa akijishikiza kwenye duka la dawa Omurushaka.

Mzee aliomba miwani. Alichukua ule mkataba wa Mwanza, hakuangalia ukurasa wa kwanza. Alifunua nyuma hadi penye tarehe, akaweka kidole.

"Hii ikifika unarudi wapi?"

"Nitatafuta kwingine, babu."

"Sikuulizi utatafuta wapi. Nakuuliza unarudi wapi. Una shamba?"

"Sina."

"Una mume mwenye shamba?"

Akacheka. "Sina, babu."

"Mimi nilikuwa nalo, na bado nilianguka." Akamrudishia karatasi. "Ungekuwa na kibanja ningekwambia nenda Mwanza, kale karanga, urudi na hela. Nani asiyependa karanga? Na huko zahanati ukikaa, ukathibitishwa, siku ya kutaka karanga itafika tu. Siku hiyo ndiyo uombe ruhusa."

Mimi ningeongeza mengine: kwamba malipo ya uzeeni yanahitaji michango ya miezi 180, na kwamba mwenye mkataba naye angeweza kuifikisha kama asingekimbilia kuchukua michango yake kila kazi inapoisha, kwamba zahanati ya mbali humfundisha muuguzi mambo ambayo hospitali ya mjini humwachia daktari. Sikuongeza. Zamu yangu ya kushauri ilikuwa 2023.

Aliamua palepale barazani, au alijifanya anaamua. Nadhani alikuja ameshaamua. Alisema atamwambia mwenye duka la dawa kwa simu kwamba kesho hafiki.

Baba mdogo akavua miwani. Akaingia ndani, tukasikia sanduku la bati likifunguliwa. Akatoka na karatasi yenye mistari na kalamu nyekundu, akaviweka kwenye goti la mjukuu wake.

"Andika."

"Babu, ni duka tu. Sina hata mkataba wa maana."

"Anakulipa kwa mwezi?"

"Kwa mwezi."

"Basi ana haki ya notisi. Sheria inasema siku 28. Akikuachia kabla ya hapo, sawa, lakini akuachie yeye, kwa maandishi. Andika."

Akaandika. Kumshukuru mwenye duka, sababu ya kuondoka, siku ya mwisho, kuomba barua ya utumishi. Mzee alisimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. Alipomaliza, aliichukua ile barua akaisoma kwa sauti ya chini, polepole mno kwa barua ya mistari minane. Alisahihisha herufi kubwa moja. Alipigia mstari neno lililokosewa. Kisha akairudisha, akagusa kona ya juu, mkono wa kulia, palipokuwa peupe.

"Tarehe," alisema.